Mbano wa Injini ya Vieux Kabeya

Nimestaafu mwezi uliopita, na vijana wa gereji wameniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Nadhani walitaka orodha ya mambo ya kufanya na ya kutofanya. Orodha hiyo ipo ukutani karibu na kompresa, na sijamwona mtu akiisoma. Nitaandika ninayoyakumbuka. Vyeo nitaviruka, kwa sababu nilivyopata vilikuwa vichache na vyote vilikuja na funguo za stoo tupu. Mshahara pia nitauruka. Kuna miaka ambayo wenyewe ulituruka sisi.

Siku ya kwanza nilifika karakana ya magari ya kampuni ya migodi nimevaa shati jeupe. Mama yangu, kule Kasenga, aliamini kwamba kazi ya kampuni ni kazi ya shati jeupe, na mimi sikumbishia. Mkuu wa mafundi wa injini alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mipana, jina lake Kabeya, na wote walimwita Vieux, yaani Mzee. Alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"We petit, unakuya ku messe ao ku kazi?"

Karakana nzima ilicheka; kwao shati jeupe lilikuwa la misa. Akanipa bwelasuti yake ya zamani, iliyonifikia chini kidogo ya magoti, akaweka mbele yangu kichwa cha injini kilichofunguliwa. Kichwa hicho, kwa wasiojua, ni kile kifuniko kizito cha juu chenye vali na plagi. Sisi tunakiita culasse. Akanipa bomba la sindano kubwa la hospitali, mafuta ya taa kwenye kopo, na kipande cha plastiki nene chenye tundu katikati.

"Uniambie mule ndani munaingia mafuta ngapi," alisema, akaenda zake.

Sikujua hata ni wapi "mule ndani". Nilimaliza asubuhi yote nikimwaga mafuta ya taa kwenye viatu vyangu. Baada ya chakula cha mchana alirudi, akapaka grisi ukingoni mwa chumba cha moto, akabandika plastiki juu yake, akaniachia nisukume mafuta kupitia tundu, taratibu, hadi kiputo cha mwisho cha hewa kikatoka. Tukasoma kwenye bomba. Akaniambia nipime tena. Nilipomaliza akaniambia nipime tena. Nilidhani ananitesa kwa ajili ya lile shati.

Nitaeleza hesabu yenyewe mara moja tu. Pistoni ikiwa chini kabisa, juu yake kuna nafasi kubwa, imejaa hewa na petroli. Ikipanda hadi juu kabisa, vyote vile vinabanwa kwenye nafasi ndogo iliyobaki. Gawanya nafasi kubwa kwa nafasi ndogo. Jibu ndilo kiwango cha mbano, ambacho mafundi wa kwetu hukiita taux. Ikiwa jibu ni tisa, hewa imebanwa mara tisa. Mbano ukiwa mdogo mno, injini inakuwa mvivu na mlevi wa petroli. Ukiwa mkubwa mno, petroli inawaka kabla ya zamu yake, na injini inagonga, mlio wa njugu zinazokaangwa kwenye sufuria kavu. Iache igonge hivyo kwa muda na pistoni itatoboka.

Ile nafasi ndogo ndiyo inayosumbua. Unajumlisha chumba cha moto kilicho kwenye kichwa, bonde lililo juu ya pistoni, upenyo unaobaki pistoni ikifika juu, na unene wa gasketi. Watu husahau gasketi. Gari moja la wagonjwa la kampuni lilirudi kwetu mara mbili likigonga, kwa sababu fundi fulani aliona gasketi ni karatasi tu. Wagonjwa, nasikia, walikuwa wakiomba washuke watembee.

Kulikuwa na desturi moja ya mji huu ambayo Kabeya alitufundisha sote. Lubumbashi ipo juu, hewa yake ni nyepesi, na magari yanayotoka Ulaya yakifika hapa yanapumua kwa shida. Kwa hiyo kichwa cha injini kikipelekwa kunyolewa kwenye mashine ili kinyooke, fundi wa hapa huomba kinyolewe nusu milimita zaidi. Chumba cha moto kinapungua, mbano unapanda, na gari linapata nguvu iliyopotea. Tuliiita sehemu ya altitude, yaani ya mwinuko wa mji. Hakuna aliyeandika popote, na hakuna aliyeisahau. "Mupepo ya huku iko mwepesi," Kabeya alikuwa akisema, "culasse unaikata demi-millimètre ya altitude." Alisema hivyo kwa kila injini, na kwa kila injini alikuwa sahihi. Teksi na pikapu za mji mzima zilipanda vilima kwa sababu ya ile nusu milimita.

Niliishi hivyo miaka mingi, nikipima, nikirudia kupima. Mke wangu alinipata nyumbani mara chache na akaondoka, si kwa sababu ya hali ya nchi bali kwa sababu yangu. Watoto hatukujaliwa. Kwa hiyo mtu niliyeongea naye zaidi maishani ni Kabeya, na mara nyingi tuliongea kuhusu pete za pistoni.

Kisha mji ukaanza kuvunjika. Kwanza vipuri vilikoma kuja, tukaanza kuyala malori yetu wenyewe, moja likilisha mengine mawili, hadi yakabaki yale yaliyoliwa tu. Halafu uporaji ukaja. Wanajeshi walianza, na raia wakamalizia. Karakana yetu walichukua mashine ya kuchomea, jeki zote, na meza ya chuma ambayo sisi tulishindwa kuisogeza hata kwa winchi. Walichukua pia ngazi iliyokosa vidato viwili, sijui walitaka kupanda wapi nayo.

Wenzetu walitawanyika. Mmoja alirudi kulima, mwingine akaenda ng'ambo, wawili tuliwazika. Kabeya na mimi tulipata banda la bati nyuma ya kituo cha mafuta kisichokuwa na mafuta, njia ya Naviundu, tukaendelea na kazi tukiwa wawili. Tulikuwa na funguo zetu za boliti, bomba la sindano, na mikromita ya Kabeya ya kupimia unene, ambayo mkewe aliificha kwenye unga siku ya uporaji. Petroli iliuzwa barabarani kwenye chupa, na nusu yake ilikuwa mafuta ya taa. Ungeweza kuipima kwa pua.

Baadaye likaja jambo ambalo sikulitegemea, ingawa wengine wanasema lilionekana likija. Watu wenye asili ya Kasai, jimbo jingine la nchi yetu, waliambiwa na wakubwa wa Katanga warudi kwao. Kabeya alizaliwa hapa, kwenye kambi ya wafanyakazi. Kasai aliiona mara moja tu, alipompeleka baba yake kuzikwa. Hilo halikumsaidia kitu. Mawe yalianza kuanguka juu ya paa la nyumba yake Makomeno, na asubuhi moja alikuta mlango umepakwa kinyesi. Aliusafisha, akaja kazini, akaomba ufunguo wa kumi na tatu. Mama Ngalula, mkewe, ndiye aliyenieleza.

Mimi ni mtu wa Katanga, sikuguswa. Lakini majirani zangu waliacha kunisalimu kwa sababu nilishinda na Kabeya, na wateja wa Kikasai waliobaki waliacha kuja kwa sababu mimi nilikuwepo. Nilitembea kutoka nyumbani hadi bandani nikipishana na watu wanaonijua, na hakuna aliyeniita jina. Nilianza kuwahi kazini, kwa kuwa pale angalau kulikuwa na mtu mmoja.

Kabeya alijaribu kwanza treni ya kwenda Kasai. Familia yake yote, Mama Ngalula, mama mzee wa Kabeya, na watoto wanne, walikwenda kulala stesheni na maelfu ya wengine, juu ya saruji, wakingojea mabehewa yaliyokuja pale yalipotaka. Surua iliingia. Mtoto wao wa mwisho aliipata, na Mama Ngalula akawarudisha wote nyumbani kwa miguu, mtoto mgongoni, kwa sababu jirani yake wa pale chini alikuwa ameshampoteza mtoto wake. Kurudi tena stesheni alikataa kabisa. Ikabaki njia ya kusini, kuvuka Kasumbalesa kwenda Zambia, kwa kaka yake Mama Ngalula aliyekuwa fundi Kitwe. Na kwa njia hiyo ilibidi wawe na gari.

Gari lilikuwepo. Mzungu mmoja wa mtaa wa Golf, alipokimbia, alimwachia Kabeya sedani yake ya zamani ya Kifaransa, kwa sababu injini ilikuwa imechemka ikafa na hakuna mporaji aliyeweza kuiendesha. Ilikuwa gari la fahari siku zake, lenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kuisukumia hewa kwa nguvu. Hatukuwa tumewahi kuijenga injini ya turbo, si yeye wala mimi. Malori ya kampuni yalikuwa ya dizeli, na hayo ni mambo mengine.

Tuliifungua. Pistoni zilikuwa nzima, mitungi zinamopanda na kushuka ilifaa, lakini kichwa kilikuwa kimepinda kwa joto. Kabeya akakipeleka kwa mwenye mashine ya kunyoa, na siku hiyo, akiwa na haraka na akili iko kwa mtoto, akasema maneno aliyoyasema maisha yake yote: kinyooshwe, halafu nusu milimita ya altitude. Kiliporudi kiling'aa. Kabeya alitaka tufunge kesho yake, kwa sababu vijana wa mtaa wake walikuwa wamempa hadi Jumapili kuiacha nyumba.

Mimi nikapima. Sikuwa na shaka yoyote; nilipima kwa sababu ndivyo alivyonifundisha. Plastiki yangu sasa ilikuwa kipande cha bango la famasi iliyoporwa, nusu ya herufi nyekundu ikiwa bado inaonekana. Chumba cha moto kilichukua sentimita za ujazo arobaini. Bonde la pistoni na upenyo, kumi na tisa. Gasketi, tisa. Jumla sitini na nane. Mtungi wenyewe, pistoni ikishuka, ulikuwa mia tano na arobaini. Jumlisha, gawanya: karibu tisa kamili. Nikachungulia ukingo wa kichwa na kuona alama ya kiwandani imebaki kivuli. Kichwa kile kilikuwa kimenyolewa mara mbili kabla yetu, na mafundi wa mji huu huu, na kila mmoja alikuwa ameongeza sehemu ya altitude.

Kwa injini ya kawaida, tisa ni heri. Lakini nilikaa nikifikiri kuhusu ile feni. Nusu milimita yetu ilikuwa dawa ya hewa nyepesi. Turbo nayo ni dawa ya hewa nyepesi, tena kali zaidi. Tulikuwa tumempa mgonjwa dozi mbili, kisha tunataka kumnywesha petroli yenye mafuta ya taa, inayogonga upesi zaidi.

Nilimwambia Kabeya. Alikuwa amekaa juu ya tairi, akisafisha plagi.

"Pima tena," alisema.

"Minapima mara tatu, Vieux. Inatoka ile ile tu."

Akaja akapima mwenyewe. Mafuta yakamwagika, akafuta, akaanza upya. Kisha akaweka bomba chini.

"Turbo haijue kama tuko juu," alisema. "Yeye anasukuma mupepo tu. Altitude yake iko sifuri." Akafuta grisi vidoleni. "Njo vile. Miye nilisema demi-millimètre kama vile mutu anasema amina."

"Tutafanya nini?"

"Tutafunga, tutaenda. Mutoto hawezi kulala tena chini ya mawe. Nitaendesha pole pole."

Niseme kwamba tulijaribu njia ya mkato. Tuliifunga injini kwa muda, na gasketi ya zamani, tukatenga turbo ili isisukume. Lakini mfumo wa petroli wa gari lile ulipangwa pamoja na turbo yake. Bila turbo injini ilizama kwa petroli na kuzimika kila tulipopunguza mwendo. Ilizimika langoni, ikazimika tena tulipoirudisha. Njia nzima ya kwenda mpakani ilikuwa na vizuizi vya vijana, na kwenye kizuizi lazima upunguze mwendo. Gari linalozimika mbele yao likiwa na familia ya Kikasai ndani, sikutaka kulifikiria. Na ukiirudisha turbo na mbano wa tisa, pistoni zingetoboka porini kabla ya mpaka. Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa, na Jumapili ilikuwa inakuja.

Dawa niliijua: kukiinua kichwa kwa bamba la shaba la milimita moja na nusu, likae chini ya gasketi, ili ile nafasi ndogo ikue na mbano ushuke. Kulichonga kwa mkono kulihitaji muda ambao hawakuwa nao. Kabeya alikataa. Tukaanza kubishana, na sauti yangu ikapanda juu ya sauti yake kwa mara ya kwanza tangu lile shati jeupe. Mama Ngalula alikuwa ameleta chakula. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akasikiliza hadi tukanyamaza kwa aibu.

"Mwansa," aliniuliza, "hii motere, vile iko, itatufikisha ku mpaka?"

"Hapana, Mama. Itakufa mu njia."

"Na ile bamba yako, itatufikisha?"

"Ndiyo."

Akamgeukia mumewe. "Bon. Nyumba tutabaachia. Tutalala humu mu garage mpaka Mwansa amalize."

Walihamia bandani Jumamosi, na magodoro, na masufuria, na bibi wa watoto akakalishwa kwenye kiti cha mbele cha gari ambacho tulikuwa tumekitoa. Nyumba ya Makomeno ilichukuliwa kabla jua halijazama. Kabeya alisikia habari hiyo akiwa amelala chini ya gari, na hakutoka chini yake kwa muda mrefu.

Sasa tazama kituko. Mji huu umesimama juu ya shaba, umejengwa na shaba, watoto wanaijua rangi yake kabla ya rangi ya anga, na mimi nilizunguka nikitafuta bamba moja bapa nisilipate. Mwishowe nilikwenda Naviundu kwa mtu aliyekuwa akifua picha za shaba za kuuzia wageni, ndege na wanawake wanaotwanga. Wageni hawakuwepo tena. Alikuwa amekaa na nyundo yake, hafui kitu. Nilimweleza ninachotaka, akauliza ni gari la nani. Nilimwambia.

"Ya bale bantu? Hapana."

Nilikaa pale pale, sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Baada ya muda akauliza ni nani anangojea. Nikamtajia bibi, mama, watoto, na yule mdogo mwenye surua.

"Mutoto anakunywa?"

"Ameanza kunywa jana."

Akaingia ndani, akatoka na bamba la unene ule ule niliotaka, ambalo juu yake alikuwa ameanza kuchora tembo kwa msumari. "Kata yote," alisema. "Tembo haina mutu wa kumununua." Nililifunga kwenye gunia ili lisionekane njiani.

Nilichora kwa kufuata gasketi, nikakata kwa msumeno mwembamba, nikalainisha kwa tupa. Mitungi minne, njia za maji, njia ya mafuta, matundu ya boliti. Kisha nikalichoma juu ya makaa hadi likawa jekundu, nikalitumbukiza kwenye maji. Vijana, shikeni hili: chuma ukikichovya namna hiyo kinakuwa kigumu, lakini shaba inalainika, inakubali kubonyea na kuziba. Watoto wa Kabeya walikaa wakinitazama. Banda lilikuwa na harufu ya bukari, ugali wa kwetu, na matembele, nguo za mtoto zilining'inia kwenye mnyororo wa winchi, na bibi alinisimulia kwa Kiluba habari ambazo sikuzielewa hata moja. Nje mji ulikuwa unaoza. Mimi nilikuwa na furaha, na niliona aibu kuwa nayo.

Tukafunga. Sitini na nane sasa ilikuwa sabini na nane. Gawanya: chini kidogo ya nane, mahali pazuri kwa turbo na kwa petroli ya chupa. Kabeya aliipima mwenyewe, akanitazama, hakusema pima tena. Alikaza boliti, mimi nikihesabu. Nikaurudisha nyuma kidogo mwasho, ule wakati wa plagi kutoa cheche, nikaunganisha tena bomba la turbo, nikampa ufunguo. Akanirudishia.

"Washa weye."

Iliwaka nilipojaribu mara ya pili. Tukaitoa barabarani, mimi nikiendesha, Kabeya kichwa chake kikiwa nje ya dirisha ili asikie. Kwenye mpando wa kwenda Golf nikakanyaga. Turbo ikaamka, gari likavuta kama lilivyovuta siku za Mzungu wake, na sisi wawili tulisikiliza kwa mwili mzima. Hakuna njugu. Nikakanyaga zaidi. Hakuna.

"Haigonge," Kabeya alisema, akaanza kucheka, mashavu yamelowa. "Mwansa, haigonge!"

Nitasema wazi kitu ambacho sikumwambia. Pale kwenye mpando nilitamani igonge. Kidogo tu, kiasi cha kutufanya tuifungue tena, wao walale bandani siku nyingine, na mimi nisikie watoto wakigombania blanketi. Lakini injini ilikuwa nzuri, na mimi ndiye niliyeifanya nzuri, basi nikageuza gari.

Niliomba niwasindikize hadi mpakani, nirudi kwa lori lolote. Mama Ngalula alikataa. "Ukipotea juu yetu, nitamuambia mama yako nini?" Asubuhi walipakia. Bibi alikaa mbele, miguu juu ya mfuko wa unga. Kabeya alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akafungua mdomo, akaniambia nikaze boliti za alternata ya pikapu iliyokuwa inangoja pembeni. Nikasema sawa. Wakaondoka. Nilisimama barabarani nikisikiliza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi sauti ikaingia kwenye sauti za mji. Watu wawili walipita. Mmoja alinitazama akatema mate chini.

Nilikaza boliti za ile pikapu. Kisha sikujua nifanye nini. Nilifagia mahali ambapo watoto walikuwa wamelala, nikakuta soksi moja ndogo, nikaiweka juu ya rafu kwa sababu sikuweza kuitupa. Siku zilizofuata niliendelea kuongea kwa sauti nilipokuwa nikipima, nikitaja namba, na nikisubiri kidogo kila baada ya namba. Hakuna aliyejua kama walifika. Kila lori lililotoka kusini nilikwenda kuuliza. Madereva walikuwa na mambo yao. Kuna mmoja aliyesema aliona sedani imeungua kando ya njia, na nilikaa na neno hilo kifuani wiki nzima, nikipiga hesabu za bamba upya kichwani, kila mara zikitoka sawa, kila mara zisinifariji.

Kisha lori la mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mwenye duka la jumla mjini, lilisimama mbele ya banda. Dereva alishuka, mtu wa huko huko Kivu, mkubwa kwa umri kuliko mimi.

"Ni wewe Mwansa?"

"Ni miye."

"Nilimuona muzee moja Kitwe, mufupi. Akaona namba ya lori iko ya huku, akanikimbilia. Anasema nikuambie: batu bote bazima. Mutoto anatembea. Na motere haigonge, hata ku milima, hata kidogo."

Nilishika ukuta wa bati. Nikamwambia: mwambie akaze boliti za kichwa tena, injini ikiwa baridi, kwa kuwa shaba hulala baada ya muda. Mwambie asiamini petroli ya huko kwa macho. Mwambie aangalie maji. Dereva alirudia kila kitu ili asisahau, akaweka mguu kwenye kidato cha lori.

"Kuko ingine," alisema. "Aliuliza: Mwansa anakula na nani?"

Niligeuka nikaangalia ndani, nikijifanya natafuta kitambaa. Kulikuwa na jiliwa la kubania vyuma, na stuli, na sufuria moja juu ya makaa yaliyozimika.

"Muambie nimekula," nilisema.

Alinitazama kidogo. Akasema atamwambia, akapanda, akawasha. Lori lilipoondoka nilirudi ndani kumwambia Kabeya kwamba wamefika salama, kwamba haigongi hata milimani, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kabla sijakumbuka.